Vanila iliyopona kuoza mizizi: kwa nini maua yake ya kwanza yakatwe

Kila mara mvua zinaporudi, na miti ya vanila upande wa Mambasa na Irumu ya msituni inapoanza kutoa maua, swali moja linarudi: mti wangu uliugua mizizi, sasa umepata nafuu na umejaa maua, nifanye nini? Jibu fupi ni: kata. Mti uliopoteza mizizi ukatwe maua yote, kabla hayajafunguka, na usichavushe hata moja sezoni hii. Jibu refu ndilo hili linalofuata, maana hakuna mulimaji atakayekata maua yenye dolari ndani yake kwa sababu tu redio imesema.

Tuanze na mmea wenyewe. Vanila ni okidi. Watu wengi hapa Bunia wakisikia okidi wanafikiri yale maua ya chungu yanayowekwa kwenye baraza, au yale ya porini yanayokaa juu ya matawi ya miti mikubwa ya msitu wa Ituri. Vanila ni ya ukoo huo huo, na karibu ndiyo okidi pekee inayolimwa sana duniani kwa ajili ya chakula. Ile tunayopanda ilitoka Mexico na nchi za jirani. Msituni kwetu kuna vanila zetu pia, za porini, lakini hizo hazina soko.

Kuujua ukoo kunasaidia, sababu tabia ya okidi ni tofauti na ya muhogo au kahawa. Mizizi ya vanila haiendi chini sana. Inatambaa juu juu, ndani ya majani yanayooza taratibu, sentimita chache tu chini ya macho yetu. Inataka unyevu na hewa kwa wakati mmoja. Maji yakisimama pale siku kadhaa, mizizi inakosa pumzi, inalainika, na kuvu inapata mlango.

Kuvu hiyo inaitwa fuzariamu. Wazee waliokuwa na kahawa ya robusta wanaijua ndugu yake bila kuambiwa. Ule ugonjwa wa kukausha kahawa, ambao maagronomu waliuita trakeomikozi, ulimaliza mashamba ya kaskazini-mashariki ya nchi yetu miaka ya 1980 na 1990, na mwaka 1993 ukaonekana Uganda. Ule nao ni wa fuzariamu, ila ni aina nyingine. Aina ya kahawa haishambulii vanila, na ya vanila haishambulii kahawa, kwa hiyo usiogope kwa sababu babu alikuwa na kahawa iliyokufa kwenye parseli hiyo. Lakini tabia zao zinafanana. Zinakaa ndani ya udongo miaka mingi zikisubiri, na mzizi ukisha kuoza hakuna dawa ya kupuliza inayoweza kuurudisha. Ukiuziwa chupa sokoni ukaambiwa inaponya mizizi iliyooza ya vanila, weka franga zako mfukoni.

Walimaji wengi waliopoteza kahawa walihamia kakao, na vanila ikaja kando yake. Ndiyo sababu ugonjwa huu unauma zaidi kwa familia ambazo zimeshaonja hasara ya namna hiyo mara moja.

Kuutambua mti ulioguswa

Usingoje majani yaanguke. Dalili ya kwanza iko chini. Ondoa matandazo kwa vidole, polepole, bila jembe. Mzizi mzima ni mweupe wa maziwa au wa kijivu hafifu, mgumu, na ncha yake ni mbichi. Mzizi uliooza ni wa kahawia au mweusi. Ukiuvuta kidogo, ngozi yake inatoka kama soksi na unabaki na uzi mwembamba mkononi.

Juu, kamba inaanza kuwa na mikunjo, kama ngozi ya mtu aliyekaa njaa. Majani yanalegea na kujikunja kwa urefu, rangi inakuwa ya njano-njano. Halafu kuna dalili moja inayowadanganya watu: mti unatoa mizizi mingi ya hewani, inashuka kutafuta udongo. Mtu anasema, ah, umepona, angalia mizizi. Hapana. Mti unatafuta maji kwa mlango mwingine sababu mlango wa kwanza umefungwa. Kama mizizi hiyo inafika kwenye matandazo na kuingia ikiwa na ncha nyeupe, hapo kuna tumaini. Ikikauka au ikiwa myeusi mara tu inapogusa chini, ugonjwa bado upo.

Udanganyifu wa pili ndio mkubwa, na ndio unaotuleta kwenye maua. Vanila ikipata shida, inachanua. Hata mti mzima unahitaji kukauka kidogo ili utoe maua. Ndiyo maana pande zetu, kama vile Uganda, maua yanakuja mara mbili kwa mwaka, baada ya majuma ya jua. Walimaji wazoefu wanakata hata ncha ya kamba, sentimita kumi au kumi na tano, ili kuulazimisha mti uache kurefuka na uanze kuchanua. Sasa mti uliooza mizizi una kiu kila siku hata mvua ikinyesha, sababu hauna kinywa cha kunywea. Kwa mti huo kila siku ni kiangazi, na unaweza kutoa vikonyo vya maua vingi kuliko jirani yake mzima. Mwenye shamba anapita asubuhi, anaona maua, anamshukuru Mungu, na mti uko unaaga.

Kwa hiyo wingi wa maua si ushahidi wa afya. Kwenye vanila iliyougua, mara nyingi ni kinyume.

Ganda moja linakula nini

Kikonyo kimoja cha maua ya vanila kinabeba kwa kawaida maua kumi na tano hadi ishirini. Hayafunguki pamoja. Linafunguka moja, pengine mawili, kwa siku, alfajiri, na mchana linaanza kusinyaa. Ukikosa asubuhi ile, limekwenda. Kule Mexico kuna nyuki wanaosaidia kazi hii kidogo. Huku kwetu ni mkono wa mtu na kijiti chembamba.

Mbinu hiyo ya kijiti tunaidai kwa mtoto. Mwaka 1841, kisiwani Réunion, ambacho wakati ule kiliitwa Bourbon, mtoto mtumwa wa miaka 12 jina lake Edmond alionyesha namna ya kuinua kile kigozi kinachotenganisha dume na jike ndani ya ua, na kuvigusanisha kwa kidole gumba. Mabwana na wasomi walikuwa wameshindwa kupata njia nyepesi kama hiyo. Utumwa ulipofutwa pale mwaka 1848 alipewa jina la ukoo, Albius. Alikufa maskini mwaka 1880, na dunia nzima hadi leo inafanya alivyofanya yeye. Kule Réunion wanawake wenye kazi hiyo wanaitwa waozeshaji, maana wanayaoza maua. Na Kiswahili chetu kina mchezo wake hapo: kuoza binti na kuoza mzizi ni neno moja. Ukizidisha kuoza kwa juu, unapata kuoza kwa chini.

Ua likishachavushwa, ganda linarefuka haraka sana. Ndani ya majuma sita hadi nane limeshafika karibu urefu wake wote. Halafu linakaa juu ya mti likikomaa, hadi miezi minane au tisa tangu siku ya ua. Muda wote huo linanyonya. Majuma yale ya kwanza ndiyo ya njaa kali. Maji na chakula vinatoka kwenye kamba, na kamba inavipata kwa mizizi. Kama mizizi haipo, kamba inatoa akiba yake. Ile nguvu ambayo ingetengeneza mizizi mipya inakwenda kwenye maganda. Mti unafanya kama mama aliyetoka hospitali juzi anayenyonyesha mapacha huku yeye mwenyewe hajala.

Mtu anaweza kuuliza: basi nisichavushe tu, kwa nini nikate? Swali ni zuri, na tuseme ukweli: kutokuchavusha peke yake ni sehemu kubwa ya dawa. Ua lisilochavushwa linaanguka lenyewe, na gharama kubwa, ile ya ganda, haipo. Lakini kikonyo chenyewe kitaendelea kulisha machipukizi yake kwa majuma mawili, matatu, pengine zaidi, na mti dhaifu hauna akiba ya kuchezea. Zaidi ya hapo kuna udhaifu wetu sisi. Ua likiwa limefunguka mbele ya macho yako, na mtoto amefukuzwa masomoni kwa minervali, mkono utalichavusha. Kikonyo kilichokatwa kikiwa kidogo hakikujaribu.

Kukata kwenyewe

Kwanza utofautishe chipukizi la ua na chipukizi la tawi, maana yote mawili yanatoka mahali pamoja, kwenye kwapa la jani. Chipukizi la tawi ni jembamba, limechongoka, na mapema linaonyesha kijani cha jani dogo. La ua ni nene, la duara-duara, limepangwa magamba juu ya magamba. Ukikosa uhakika, ngoja siku nne au tano, litajisema lenyewe. Tawi usikate, mti unaopona unalihitaji.

Wakati mzuri ni kikonyo kikiwa na urefu wa pingili ya kidole. Hapo bado ni laini na kinavunjika kwa vidole, kukisukuma upande mmoja kisha mwingine, bila kisu. Kidonda kinakuwa kidogo. Kikishakuwa kigumu tumia wembe au kisu chenye makali, ukate karibu na kamba lakini usiiguse kamba yenyewe, acha kisiki kidogo cha nusu sentimita. Usivute kwenda chini, utachubua ngozi ya kamba.

Fanya hivyo siku kavu, asubuhi umande ukishatoka, ili kidonda kikauke kabla ya jioni. Siku ya mvua ngoja. Na chombo chako kisafishwe kati ya mti na mti: futa kwa alkoli, au chovya kwenye maji ya javeli, au pitisha kwenye moto. Hapa watu wengi wanacheka. Wanaona kusafisha wembe mara hamsini kwa shamba moja ni kazi ya wazungu. Lakini ndiyo njia rahisi ya kutoka mti mgonjwa kwenda mti mzima ukiwa na ugonjwa mkononi. Kama huna alkoli wala javeli, anza na miti mizima, malizia na wagonjwa, usirudi nyuma.

Utomvu wa vanila unawasha ngozi, watu wengine unawatoa vipele. Nawa mikono kabla ya kujigusa macho.

Mizizi ya hewani usikate hata moja. Na ile desturi ya kukata ncha ya kamba ili mti uchanue, iache kabisa kwa mti huo, hata kama jirani anakata. Ncha ndiyo inayovuta mti kwenda mbele.

Jambo moja la kutofautisha, sababu tumeona watu wakichanganya. Kwa ndizi tulifundishwa kukata lile ua la chini kwa kijiti chenye panda, dhidi ya mnyauko. Pale sababu ni wadudu, wanaotua kwenye ua na kupeleka ugonjwa kwa shina lingine, na unakata hata kwenye ndizi nzima. Kwa vanila hatukati kuzuia wadudu, tunakata kuupumzisha mti. Kwa hiyo vanila nzima, yenye mizizi myeupe, usiikate maua yote. Ipunguzie tu. Kwa mti mzima wenye nguvu, ushauri wa kawaida ni maganda manane hadi kumi kwa kikonyo, na vikonyo kama kumi hivi. Anayechavusha kila ua linalofunguka anautengeneza mgonjwa wa mwaka ujao.

Kama maganda yako tayari juu ya mti

Hii ndiyo hali ngumu kuliko zote, na hatutadanganya kwamba ina jibu lisilouma. Umechavusha, miezi imepita, ndipo unagundua mizizi imeoza. Ukitoa maganda yote umepoteza sezoni. Ukiyaacha yote pengine unapoteza mti, na maganda yenyewe yanasinyaa kabla hayajakomaa.

Angalia umri. Maganda ya chini ya miezi miwili bado yanarefuka, yanakula sana: hayo ondoa. Yaliyofika miezi sita au saba yamekwisha kujenga mwili, yanachobakiza ni kukomaa. Kama mti bado una mizizi mizima, hata michache, acha sehemu ya hayo, yale manene kwenye vikonyo vya juu karibu na mahali penye nguvu, na utoe mengine. Ya katikati, miezi mitatu hadi mitano, inategemea kamba. Kama imeshakunjamana, toa. Sisi tungetoa. Tunajua wapo wasiokubali.

Kitu kimoja usifanye: kuvuna mapema kwa hofu na kuuza yakiwa mabichi. Ganda ambalo halijakomaa halina harufu ile inayotafutwa. Likikaushwa linakuwa kamba kavu tu. Wanunuzi wanaopokea bidhaa kama hiyo leo ndio wanaoshusha bei ya mkoa mzima kesho. Majirani zetu wa Uganda waliumwa sana na jambo hili hadi serikali yao ikaanza kutangaza tarehe ya kuvuna, moja kwa kila sezoni. Huku kwetu wizi shambani unasukuma watu kuvuna kabla ya wakati, na hilo tunalielewa. Lakini mtu mwenye mti mgonjwa asiongeze mzigo juu ya mzigo.

Hesabu ya mezani

Mulimaji hapangi kwa majani, anapanga kwa makuta. Basi tupige hesabu, bila bei, sababu bei inabadilika kabla hatujamaliza kuandika.

Chukua mti wenye vikonyo kumi, kila kimoja maganda manane. Ni maganda themanini. Kwa uzito wa kawaida ni kilo moja ya vanila mbichi, au zaidi kidogo. Na inahitajika kilo tano hadi sita za mbichi kupata kilo moja iliyokaushwa. Hicho ndicho unachokitupa unapokata maua ya mti mmoja. Si kidogo. Kwa familia yenye miti mia moja, na ishirini kati yake iliugua, ni kilo ishirini za mbichi zinazoachwa.

Sasa upande wa pili. Mti ukifa, unapanda mwingine. Vanila mpya inakaa miaka miwili hadi mitatu kabla ya kutoa maua ya maana. Na huwezi kuupanda mahali pale pale, maana kuvu imebaki udongoni. Kwa hiyo unalipa sezoni moja au mbili za kupumzika, ama unalipa miaka mitatu pamoja na kutafuta nafasi nyingine, mti mwingine wa kuegemea, na kipande kingine cha kupanda. Na mti uliolazimishwa kuzaa akiwa mgonjwa mara nyingi haukupi hata hizo kilo: maganda ni mafupi, membamba, mnunuzi anayatupa kando.

Bei kubwa ilituharibu kidogo. Baada ya kimbunga Enawo kupiga Madagaska mwezi wa 3 mwaka 2017, bei ya dunia ilipanda hadi kupita dolari 500 kwa kilo ya iliyokaushwa mwaka 2018, na kila mtu akachavusha kila kitu. Madagaska ikaweka baadaye bei ya chini ya dolari 250 kwa mauzo ya nje, ikaiondoa mwaka 2023, na soko likaanguka. Wakati bei iko chini, kukata maua kunauma kidogo zaidi ya kukosa usingizi usiku mmoja. Ni wakati mzuri wa kuitibu miti.

Kata maua, halafu uupe mti kinywa kipya

Kukata maua bila kufanya kitu kingine ni kumvua mgonjwa mzigo na kumwacha barabarani. Nguvu iliyookolewa lazima ipate mahali pa kutengeneza mizizi.

Vanila ina neema moja: kila kifundo cha kamba kinaweza kutoa mizizi. Kama sehemu ya juu bado ni ya kijani na ngumu, ishushe taratibu hadi chini, upande ambao maji hayasimami, mbali kidogo na pale palipooza. Ondoa majani kwenye vifundo viwili au vitatu vitakavyogusa chini, ngoja siku mbili tatu vidonda vikauke, kisha laza kamba juu ya udongo na uifunike kwa majani yaliyoanza kuoza, unene wa kiganja. Usizike ndani ya udongo. Ncha irudi juu kwenye mti wa kuegemea. Baada ya mwezi mmoja hadi miwili, funua kidogo uangalie. Ukiona mizizi mipya myeupe, kata sehemu ya zamani iliyooza, itoe shambani, ichome. Usiitupe kwenye lundo la matandazo.

Maji yapitie pembeni: mfereji mdogo, au kuinua tuta. Kivuli kiwe nusu kwa nusu. Jua kali linakausha kamba isiyo na mizizi, na kivuli kizito kinaweka unyevu usiotoka. Punguza matawi ya mti wa kuegemea pale mvua inapokuwa nyingi. Na jembe lisiingie karibu na vanila kabisa. Majani ya porini yang'olewe kwa mkono. Mizizi mingi inayooza ilianza na jeraha la jembe, na aliyelima alifikiri anasafisha.

Watu waliokimbia vijiji vyao kwa sababu ya vita na kurudi baada ya mwaka au miwili wanakuta hali nyingine. Pori limefunika, kamba zimepanda hadi juu kabisa ya mti, zimeanguka, zingine zimeota mizizi zenyewe popote. Mtu anatamani kufyeka yote siku moja. Twende polepole pale. Sehemu zilizoota mizizi zenyewe ndizo mali uliyoachiwa. Fungua mwanga kidogo kidogo, kata vikonyo vya maua vya mwaka huo, na tumia zile kamba nzima kuanzisha upya.

Lini kuruhusu maua tena? Si tarehe, ni dalili. Kamba imenyooka na haina mikunjo. Ncha inarefuka, majani mapya ni mapana kama ya zamani. Mizizi chini ya matandazo ni mingi na myeupe. Vikiwepo vyote vitatu, sezoni inayofuata acha vikonyo viwili au vitatu, maganda matano kwa kila kimoja, si zaidi, na uangalie mti unavyobeba. Mwaka unaofuata ongeza. Kikikosekana kimoja, kata tena.

Na kwa wale wa mjini wenye okidi za chungu: hapa Bunia tuko juu ya mita 1,200, vanila haifurahii sana baridi yetu ya usiku, lakini okidi nyingi za baraza zinavumilia. Ukiitoa kwenye chungu ukakuta mizizi imekuwa uji, sababu karibu siku zote ni maji mengi na chungu kisichotoboka vizuri. Kata mizizi iliyooza kwa mkasi safi, panda upya kwenye magome au makaa yaliyovunjwa, si udongo wa bustani, na fimbo ya maua ikate sentimita mbili juu ya pale inapotokea, hata kama imebakiza maua matatu mazuri. Weka hayo maua kwenye glasi ya maji mezani, yatakaa siku nyingi.

Mwisho ni juu ya vipande vya kupanda. Mti uliougua, hata ukipona na kupendeza, usiukatie jirani kamba. Fuzariamu inasafiri ndani ya kipande bila kuonekana, na shamba safi la mtu linaingiliwa hivyo, kwa zawadi. Omba kipande kwa mwenye shamba ambalo halijawahi kuoza, chenye urefu wa mita moja hivi, kiache kivulini juma moja kidonda kikauke, ndipo upande. Na wewe ukiombwa, mwambie muombaji ukweli kuhusu shamba lako.